Bolti za Ekseli: Ipi Irudi, Ipi Itupwe

Kila ekseli inapofumuliwa gerejini kwetu hapa Tanga, siku huishia kwenye karai. Bolti zote zilizotoka zimelowekwa humo kwenye dizeli, zimechanganyika na nati na wosha, na kijana aliyepewa kazi ya kuzisugua ananijia na swali: "Mzee, hizi tunarudisha?" Mwenye gari, kama yupo, huweka simu chini akasikiliza, maana jibu linagusa mfuko wake.

Juzi swali hilo lilikuja na Land Cruiser pikapu, HZJ79 yenye injini ya 1HZ, inayofanya kazi kwenye njia za vumbi za upande wa Mkomazi. Sili za ekseli ya mbele zilikuwa zimekufa, oili ya difu imeingia kwenye grisi, na kwenye vifundo vya magurudumu unatoka uji mweusi. Ukifumua ekseli ya namna hiyo mpaka mwisho, kushoto na kulia, bolti na nati zinazotoka zinazidi 60. Ukizibadili zote kwa spea halisi, bei inauma. Ukizirudisha zote, huenda umemrudishia mtu hatari ile ile aliyokuja nayo.

Jibu langu ni kwamba karai zima halina jibu moja. Kwa miaka niliyofanya kazi hii nimeona makosa mawili yakirudiwa. La kwanza linajulikana: kurudisha kila kitu kwa sababu "bado inakaza". La pili watu hawalihesabu kuwa kosa: kutupa bolti nzuri za kiwandani na kuweka mahali pake bolti mpya zinazong'aa, zilizonunuliwa kwa kupimwa unene na urefu tu. Mimi naliogopa zaidi hili la pili, kwa sababu mwenye gari anaondoka akiwa ametulia moyo. Umri wa bolti haukuambii mengi. Jiulize kama unajua ni chuma gani, na kama unajua kimepitia nini.

Wengi tunaichukulia bolti kama msumari wenye thredi: imeingia, imeshika, basi. Kazi yake haiko hivyo. Bolti ni springi. Unapokaza nati unaivuta bolti, inarefuka kidogo sana, na kwa kuwa inataka kurudi kwenye urefu wake, inavibana vile vipande viwili vilivyo katikati. Huko kubana ndiko kunakoishika ekseli. Vipande vilivyobanwa sawasawa haviteleziani. Msuguano wa nyuso zao ndio unaobeba mapigo ya barabara, na bolti yenyewe haiyahisi sana makorongo yanayopita chini ya gari. Kubana kukipungua, mapigo yote yanahamia kwenye bolti.

Chukua bolti ya milimita 10 ya daraja la 8.8, ambayo ni ya kawaida kabisa. Ikikazwa inavyotakiwa, hubana kwa nguvu sawa na uzito wa tani 2 na nusu hivi. Hiyo ni bolti moja. Sasa, kama sehemu yake iliyobanwa ina urefu wa milimita 40, kwa nguvu yote hiyo inakuwa imerefuka chini ya sehemu 1 ya 10 ya milimita, yaani kama unene wa karatasi moja ya daftari. Kwa hiyo uhai wa kiungo kizima umo kwenye mrefuko mdogo kama unene wa karatasi. Kitu chochote laini kilichobaki chini ya kichwa cha bolti au baina ya vile vipande, kikisagika baadaye kwa joto na mtikisiko, kinaondoka na kubana kote. Nati haijazunguka hata kidogo, lakini bolti imelegea.

Hapa ndipo ninapogombana na rangi. Mafundi wengi tunapenda kumpendeza mteja: ekseli ikishasafishwa inapulizwa rangi nyeusi ya kung'aa, na rangi inaingia kila mahali, kwenye nyuso za kuunganishia, kwenye vitako vya wosha, ndani ya matundu. Gari linatoka zuri. Baada ya wiki mbili rangi hiyo imesagika, na bolti zilizokazwa kwa uaminifu zimepoteza mvuto wao. Paka rangi baada ya kufunga, au ziba nyuso hizo kwa karatasi ya gundi kabla hujapuliza. Kama imeshaingia, kwangua mpaka uone chuma.

Jambo la pili ni msuguano, na hili ndilo linaloamua bolti nyingi za karaini. Unapovuta spana ya torki mpaka ilie, ni kama sehemu 10 tu katika 100 za nguvu yako zinazokwenda kuivuta bolti. Nusu hivi inaliwa chini ya kichwa au nati inapojisugua, na inayobaki inaliwa kwenye thredi. Sasa fikiria thredi yenye kutu au mchanga. Msuguano umepanda, spana inalia kwenye namba ile ile ya kitabu, lakini ile sehemu ndogo iliyokuwa ya kuivuta bolti imekwisha njiani. Umekaza kutu. Fundi mwingine anaona nati ni nzito, anapaka grisi, kisha anakaza kwa namba ile ile. Sasa msuguano umeshuka na bolti inavutwa kupita ilivyokusudiwa. Kitabu cha gari kikitoa namba bila kutaja oili, chukulia kuwa thredi ni safi na kavu, kama ilivyotoka kiwandani. Ndiyo maana bolti ya zamani isiyosafishika vizuri ninaitoa, hata kama haijapinda wala kukatika: siwezi kujua inabana kiasi gani.

Lakini bolti iliyokaa miaka 20 ikiwa imebana vizuri, bila kulegea, bila kutu kuchimba, chuma chake hakijachoka kwa sababu ya miaka. Kukaa kwenye mvuto usiobadilika hakuichoshi. Kinachoichosha ni kuvutwa na kuachiwa, kuvutwa na kuachiwa, maelfu kwa maelfu ya mara, na hilo hutokea kiungo kikilegea. Barabara ya vumbi yenye mikunjo kama bati hufanya kazi hiyo kwa siku chache. Kila mkunjo ni pigo. Ufa mdogo huanza, kwa kawaida kwenye thredi ya kwanza ndani ya nati, maana hiyo peke yake hubeba karibu theluthi ya mzigo wa thredi zote, au pale shingo inapokutana na kichwa. Ufa hukua polepole, na siku ya mwisho bolti hukatika pale kilipobaki chuma kidogo. Ukiona bolti iliyokatika hivyo, itazame uso wake: upande mmoja ni laini wenye mistari ya mviringo kama ya mgongoni mwa kombe la baharini, upande mwingine una chembechembe, umekatika kwa mara moja. Ule upande laini ndio unaokuonyesha kuwa gari lilikuwa linakuonya muda mrefu.

Mimi mistari hiyo niliisoma kwa mara ya kwanza nikiwa nimepiga magoti kando ya barabara karibu na Segera. Lori dogo la mteja lilikuwa limebeba machungwa kutoka Muheza kwenda Dar es Salaam. Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimelibadilishia jani moja la springi ya nyuma lililovunjika, nikaongeza jani jingine kwa sababu ya mzigo, kisha nikazirudisha yubolti zile zile zilizofunga ekseli kwenye springi. Zilikuwa zimenyooka, nati zilipanda, nikazikaza kwa spana yenye bomba mpaka nikasikia zimegoma. Yubolti zilikuwa zimekwisha kuvutwa kupita kiasi na mtu mwingine kabla yangu, na thredi zake zilikuwa zimejaa vumbi. Zililegea. Senta bolti, ambayo kazi yake ni kushikanisha majani na kuiweka ekseli mahali pake tu, ikabaki inaushika mzigo wote peke yake, ikakatika. Ekseli ikateleza nyuma upande mmoja, lori likawa linakwenda kiubavuubavu kama kaa, na dereva akalitoa barabarani kwa akili yake. Hakuna aliyeumia. Yubolti mpya zingegharimu chini ya bei ya magunia machache ya machungwa yale.

Tangu siku hiyo yubolti haijarudi kwenye gari lolote ninalolifungua. Hilo ni la kwanza kwenye orodha yangu ya vitu visivyojadiliwa, na watengenezaji wa springi nao hawajadiliani juu yake. Yubolti ifungwe mara moja tu maishani mwake. Ukifungua, tupa pamoja na nati zake, na senta bolti ibadilishwe kila pakiti ya springi inapofunguliwa. Tafuta zenye nati ndefu, si zile fupi za kawaida. Na zile zinazotengenezwa mtaani, nondo ikapashwa moto mpaka ikawa nyekundu, ikakunjwa kwa nyundo, ikakatwa thredi kwa mashine, zikatae hata kama zinauzwa zikiwa na joto la mkono wa fundi. Thredi ya kiwandani hukandamizwa kwa roli, chuma chake kikashikamana na kufuata mkunjo. Iliyokatwa imekatiwa nyama yake, na inapasuka mapema. Ukikuta jani la springi limevunjika katikati, kwenye tundu la senta bolti, usilaumu mzigo kabla hujagusa yubolti. Mara nyingi zilikuwa zimelegea siku nyingi.

Baada ya yubolti, vitu vingine visivyorudi ni vile vilivyotengenezwa ili viharibike vikifanya kazi. Pini za kupasua, zile za kupenyeza kwenye nati ya habu au ya boli jointi na kukunjwa miguu: kila mkunjo unazikaribisha kukatika, na bei yake haifiki kikombe cha chai. Wosha za masikio, ambazo sikio lake hukunjwa kushika ubavu wa nati: kama kuna sikio ambalo halijakunjwa bado, baadhi ya mafundi hulitumia, mimi ninabadilisha. Nati zenye pete ya nailoni: nailoni ikishapitiwa na thredi mara moja ushikaji wake unashuka, na juu ya joto la nyuzi 120 hivi inalainika, kwa hiyo karibu na breki si mahali pake. Nati ya ekseli za mbele za magari madogo, ile ambayo ukingo wake umegongwa ukaingia kwenye mfereji wa shafti: usiinyooshe na kuigonga tena mahali pale pale, kwa sababu nati hiyo ndiyo inayobana beringi ya gurudumu. Ikilegea, beringi inakufa, na wakati mwingine gurudumu linajiondokea.

Kisha kuna bolti ambazo kitabu kinaagiza zikazwe kwa namba fulani, halafu zizungushwe nyuzi 90 au zaidi. Zipo nyingi kwenye magari ya Ulaya, kwenye habu na mikono ya ekseli. Mara nyingi bolti hizo zimekusudiwa kuvutwa mpaka zipite kiwango cha kurudi, zirefuke moja kwa moja. Zikifunguliwa zimekwisha kazi. Ukizirudisha na kuzizungusha tena nyuzi hizo hizo, unazivuta kuelekea kukatika. Zinunue mpya, kila moja.

Na bolti za krauni ndani ya difu. Hizi ninazibadilisha zote, bila kuangalia sura zao, kwa sababu moja: zikikosea hakuna anayeziona. Nguvu yote ya injini, ikiwa imezidishwa na gia, inapita kwenye krauni, na kila unapokanyaga mafuta na kuachia, bolti zinavutwa huku na huku. Moja ikilegea inatoka taratibu, inagonga nyumba ya difu au inaingia kwenye meno ya pinioni, na bei ya difu nzima haifanani na bei ya bolti hizo. Weka gundi ya thredi pale kitabu kinapoitaka, lakini kumbuka gundi hiyo haikauki kwa hewa kama gundi nyingine. Inakauka ikikosa hewa na kugusa chuma, kwa hiyo ikikuta oili haishiki. Safisha thredi na tundu kwa petroli, kausha, ndipo upake.

Tukirudi kwenye Land Cruiser ya Mkomazi, mahali nilipotumia muda mwingi ni kwenye mkono wa usukani. Ekseli ya aina hii inaushika mkono huo kwa stadi, yaani bolti zisizo na kichwa zilizopandwa kwenye kifundo, na juu yake kuna wosha za koni zilizopasuliwa upande mmoja, zinazojibana kwenye matundu yenye mteremko. Ni ubunifu mzuri, maana koni inaziba nafasi zote na mkono hauchezi. Lakini matairi makubwa na barabara mbaya hulegeza nati hizo, na mkono ukianza kucheza, stadi zinaanza kukatwa. Kila stadi niliitoa kwa njia ya nati mbili zilizokazana zenyewe kwa zenyewe. Upande wa kulia stadi zilikuwa safi, zimebana tangu kiwandani, ungeweza kuona rangi ya chuma pale koni ilipokaa. Upande wa kushoto mbili zilikuwa na mkwaruzo wa kung'aa shingoni, na vumbi jekundu la kutu laini kama unga wa pilipili. Vumbi hilo ni alama ya vipande viwili vilivyokuwa vinasuguana. Upande wa kushoto stadi zote nne, nati na koni zake zikatupwa. Si zile mbili tu. Stadi mbili zikishacheza, jirani zake zimebeba mzigo ambao haukuwa wao, na huo uchovu hauonekani kwa macho. Kanuni hiyo hiyo naitumia kwa stadi za matairi: moja ikikatika, badilisha na jirani zake, zikikatika mbili, badilisha zote za habu hiyo.

Upande wa kulia? Mwenye gari aliuliza, na nilimwambia ukweli: ningeweza kuzirudisha. Lakini hizi ndizo zinazoshika usukani, na zimeshafunguliwa, kwa hiyo nilimshauri anunue. Alikubali. Zilizobaki, bolti za kushikilia sili, za nyumba ya beringi, za kifuniko cha juu, nyingi zilirudi.

Namna ya kuchagua inayorudi ni hii. Kwanza isafishwe kwa dizeli na brashi ya waya mpaka chini ya thredi. Usitumie maji ya betri. Najua yanakula kutu haraka na bolti inatoka nyeupe, lakini asidi inapogusa chuma huzalisha haidrojeni, na haidrojeni huingia ndani ya chuma kigumu na kukifanya kivunjike kama biskuti. Bolti za daraja la 10.9 na 12.9 ndizo zinazoathirika zaidi. Unaikaza leo, inapasuka kesho kutwa gari likiwa limeegeshwa, hakuna aliyeigusa. Pia bolti yoyote iliyotolewa kwa moto wa gesi ikawa nyekundu, itupwe. Ugumu wake ulitengenezwa kwa joto na joto limeuondoa.

Ikishakauka, chukua nati mpya na uipandishe kwa vidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Ikikwama katikati wakati mwanzo ilikuwa inateleza, bolti imerefuka hapo na thredi zimeachana. Ilaze bolti dhidi ya mwenzake mpya, thredi kwa thredi, uinue kwenye mwanga wa dirisha: mwanga ukipita katikati kwa kuongezeka, imerefuka kupita kiasi. Tazama shingo chini ya kichwa kwa kioo cha kukuza. Pitisha ukucha. Kutu ya juu juu inayofutika haina neno. Kutu iliyochimba vishimo ni mwanzo wa nyufa. Kichwa kilichoviringishwa na spana mbovu kinakuambia kuwa huwezi kukikaza tena kwa kipimo, hata kama mwili ni mzima. Na usikimbilie dai ya kukatia thredi ili "kuifufua". Dai inakata chuma. Kama thredi ina uchafu tu, tengeneza nati ya zamani kwa kuipasua mfereji mmoja kwa msumeno, ipitishe ikisukuma uchafu mbele yake.

Sisi wa pwani tuna jaribu jingine, nalo ni stenlesi. Chumvi ya bahari inakula kila kitu, kwa hiyo mtu akiziona bolti zisizoshika kutu anaona amepona. Soma kichwa chake: nyingi zimeandikwa A2-70. Hiyo 70 maana yake inakatika kwa mvuto wa nyutoni 700 kwa kila milimita ya mraba, wakati 8.8 inafika 800, na stenlesi inaanza kurefuka moja kwa moja mapema zaidi. Tena thredi zake hupenda kung'ang'aniana zinapokazwa. Ni nzuri kwenye boti na kwenye geti. Kwenye ekseli hapana.

Hapo tumefika dukani. Iwe Gerezani pale Kariakoo au Kirinyaga Road kule Nairobi, usiingie na kipande cha bolti mkononi ukasema "nipe kama hii". Soma kichwa kwanza. Bolti za kipimo cha milimita nyingi zinaandikwa 8.8, 10.9 au 12.9, namba ya kwanza ukiizidisha kwa 100 unapata mvuto wa kukatika. Za inchi zina mistari: mitatu ni daraja la 5, inayokaribiana na 8.8, na sita ni daraja la 8, inayokaribiana na 10.9. Kichwa kisicho na alama yoyote wala jina la mtengenezaji kiache kwenye rafu. Toyota wana namba zao, kuanzia 4 hadi 11, na hapa watu wengi wanaponzwa. Namba 7 ya Toyota ni dhaifu kidogo kuliko 8.8, kwa hiyo aliyeweka 8.8 mahali pake hakukosea. Lakini namba 11 ni chuma kikali zaidi, ukiweka 8.8 mahali pa 11 umeshusha nguvu, na macho hayataona tofauti. Tazama pia hatua ya thredi. Duka linauza zaidi bolti ya milimita 10 yenye hatua ya 1.5, na Toyota wanapenda 1.25. Ikiingia mizunguko miwili ikagoma, usiilazimishe kwa spana. Nati nayo iwe na namba inayolingana: 8 kwa 8.8, 10 kwa 10.9.

Wenye Land Rover za zamani, na bado zipo nyingi zinazopanda Lushoto na Amani, wanahitaji tahadhari zaidi. Gari hilo lilizinduliwa mwaka 1948 na limepitia mifumo mitatu: thredi za Kiingereza za zamani zenye pembe ya nyuzi 55, kisha za inchi zenye pembe ya nyuzi 60, na baadaye kwenye Defender za milimita zikachanganyika humo humo. Bolti ya inchi tatu kwa nane ina unene wa milimita 9.5 hivi. Itaingia kwenye tundu la milimita 10 ikicheza, itaonekana imeshika, na siku ya mzigo itang'oka na thredi zote. Kwa gari kama hilo, bolti ya zamani iliyo nzima mara nyingi ni bora kuliko chochote utakachokipata mtaani, na inafaa kuhifadhiwa kwenye kopo lenye jina la mahali ilipotoka.

Zikishapatikana, kazi ya kufunga nayo ina adabu yake. Safisha matundu, hasa yasiyotokea upande wa pili, maana oili iliyobaki chini haisindiliki. Bolti itagota kwenye oili kabla haijabana, na nyumba ya chuma inaweza kupasuka. Anza kila bolti kwa vidole. Kaza kwa msalaba, kwa awamu mbili au tatu. Na tafadhali, spana ya torki. Mtu wa kilo 70 akisimama kwenye bomba la nusu mita anatia zaidi ya Nm 340, na nati ya tairi la gari dogo inataka Nm 100 na kidogo. Kwa yubolti, kaza gari likiwa limekanyaga chini, kisha rudia baada ya safari ya kwanza yenye mzigo. Kwa nati za matairi, rudia baada ya kilomita 80 hadi 160. Ukimaliza, chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kilicho jirani, ili dereva aweze kukagua kwa tochi kila asubuhi.

Land Cruiser ile ilirudi baada ya wiki moja ya Mkomazi, kama tulivyokubaliana. Kijana aliingia chini na tochi, akatoka akaniambia alama zote zimenyooka, hakuna kilicholegea. Nikampa spana ya torki akarudi chini. Nati tatu za mkono wa kushoto zililia pale pale. Ya nne ilizunguka nusu ya robo kabla ya kulia. Tukaifungua, tukaitoa koni, na ndani ya tundu lake, upande wa chini usioonekana ukiwa umesimama, tukakuta utando wa rangi nyeusi tuliousahau, umesagika ukawa unga. Kijana aliukwangua mwenyewe mpaka chuma kikang'aa, akarudisha koni, akakaza, akafuta mstari wa zamani na kuchora mpya.